Nilivyompeleka Mama Mkwe na Mtindi Wake Gisenyi

Tangu nirudi, kila anayepita gereji ananiuliza maswali mawili. Kwa nini trela limerudi madirisha yote wazi kama limetoka kufukizwa, na mama mkwe nimemwacha wapi? Mmoja wenu, jina namwachia mwenyewe, ameshaanza kusambaza kwamba nimemtelekeza mama wa watu ugenini. Haya, vuteni viti. Nasimulia mara moja tu, halafu nisiulizwe tena.

Mama mkwe wangu anaishi nasi hapa Mwanza tangu nyonga ianze kumsumbua. Jina lake silitaji; mkwe hataji jina la mama mkwe wake. Kila asubuhi Mama huchota mtindi wa jana kijiko kimoja, akautia kwenye maziwa mapya, na kesho yake maziwa yote yameganda. Kile kijiko ndicho anachokiita mbegu. Mbegu hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi, aliyevuka nayo kutoka Rwanda kuja Karagwe, mtoto mgongoni na kibuyu mkononi. Haijawahi kukatika.

Dada yake mkubwa, Mama Mkubwa Verediana, wakati ule alikuwa ameshaolewa, akaenda na mumewe upande wa Kongo, kule Masisi. Siku hizi amerudi Rwanda, anakaa Gisenyi. Kwa miaka mingi amekuwa akipiga simu: njoo, petite, mdogo wangu, njoo. Na Mama kwa miaka mingi amekuwa akijibu: nikija huko, nani atailisha mbegu? Mke wangu aliwahi kuachiwa kazi hiyo, akasahau siku moja, na hadi leo hajasamehewa. Halafu mwaka huu Mama Mkubwa akabadilisha wimbo. Akasema anazeeka, na kabla hajafa anataka anywe maziwa ya mama yao, hata kikombe kimoja. Ailete.

Kwa hiyo mbegu ilitakiwa ifike Gisenyi ikiwa hai. Hiyo ndiyo ilikuwa safari. Mengine yote ni barabara.

Hapo nikaingia mimi na trela langu la kulala, hilo mnaloliita banda la kuku. Lina kitanda kwa ajili ya nyonga ya Mama kila tutakaposimama, lina jiko, na lina friji. Gari likitembea, friji linatumia betri. Likisimama, linatumia gesi. Nikamwambia Mama mbegu italala kwenye baridi ndani ya keni, ule mkebe wake wa maziwa, haitahitaji kulishwa njiani, ila mlango wa friji tusiufungue ovyo, baridi itatoka. Akalizunguka trela zima polepole na fimbo yake, akasema, "Wewe ndiye fundi."

Mwanza hadi Nyakanazi

Tuliondoka vizuri. Kwenye daraja la kuvuka ziwa Mama alisali rozari, ng'ambo akaanza kuimba. Mimi nikavimba kichwa, nikakanyaga mafuta. Tulipoikaribia Katoro nikakutana na tuta lisilo na kibao wala rangi. Gari lilipanda na kushuka, trela lilipaa. Lilipotua, kila sufuria mle ndani ilisema neno lake.

"Tumegonga ng'ombe?" Mama aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Hapana, Mama. Ni tuta."

Nilisimama pembeni, yeye akaingia kukagua. Akachungulia mlangoni akiwa na furaha: "Taa ya kijani ya friji inawaka!" Nikamshukuru Mungu, nikaendelea.

Katoro tulikula samaki wa kukaanga na ugali. Yeye alikula ndani ya trela amefunga pazia, mimi nikala nje, sahani juu ya boneti, maana mtu na mama mkwe wake hawatafuni wakitazamana. Jioni tulifika Nyakanazi, tukaegesha kwenye ua wa nyumba ya wageni. Mama akalala kwenye kitanda cha trela, mimi kwenye kiti cha gari, magoti kwenye usukani.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo lililotuponza. Tangu usiku ule, trela halikuwa trela tena. Lilikuwa chumba cha kulala cha mama mkwe. Na chumba cha mama mkwe hakiingiwi na mkwe, hata kiwe na magurudumu, hata kiwe kimenunuliwa na huyo huyo mkwe.

Nyakanazi hadi Rusumo

Asubuhi nilimpelekea chai. Alipofungua mlango, ilinipiga harufu ya mkojo. Sisemi kaharufu, nasema mkojo mkali kama wa choo cha stendi. Na Mama mwenyewe alikuwa na macho mekundu, yanatiririka machozi.

Niliweka chai kwenye ngazi, nikaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Nilihuzunika, sikuficha mbele ya nafsi yangu. Mama amekula chumvi nyingi, nyonga haimpeleki msalani haraka, na usiku ule nje kulikuwa na matope. Limemkuta la kumkuta, analia kwa aibu, na mtu pekee aliye naye ni mkwe wake! Nikaapa kwamba hatajua kuwa najua. Nitasimama kila penye choo, na nitasema ni mimi.

"Samahani, Mama, nimebanwa."

Tulisimama kila kituo cha mafuta. Pasipo na kituo, nilisimama kwenye mgahawa; pasipo na mgahawa, nilibisha hodi shuleni. Na ile barabara ya kutoka Lusahunga, kwa mashimo na michepuko yake, haikutaka mzaha. Kila niliporudi nilimkuta Mama naye ametumia nafasi hiyo, nikajipongeza kimoyomoyo. Alianza kunitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Karibu na Benaco akanigusa bega kutoka nyuma. "Baba Keza, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilidhani anajisema yeye. "Kweli, Mama," nilijibu. "Kwenye maradhi hakuna aibu."

"Hakuna kabisa, mwanangu."

Tukaendelea na safari, kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake amefunguka.

Rusumo hadi Kayonza

Mkishavuka daraja la Rusumo mnahama upande: kule magari yanapita kulia. Kwangu kuendesha hakukuwa shida. Shida ilikuwa mlango wa trela, ambao uko ubavu wa kushoto. Kwetu ukiegesha, mlango unafungukia kwenye majani. Rwanda ukiegesha, unafungukia kwenye malori. Kila Mama alipotaka kushuka ilibidi nisimame katikati ya lami na taulo jekundu, nikizuia magari ya watu. Karibu na Kibungo askari wa barabarani alinitazama kwa muda mrefu, akaja, akasema kwa Kiswahili safi, "Mzee, nyumba yako imegeuka." Kisha akasimamisha bodaboda mwenyewe mpaka Mama aliposhuka, akampigia saluti.

Kayonza tuliingia kwenye duka la maziwa. Kama hamjawahi kuona, kule kuna maduka yanayouza maziwa tu, na wanaume wazima wamekaa ndani na magilasi makubwa, wanazungumza mambo mazito kama wako baa. Nilipapenda sana. Mama alionja mtindi wao, akakunja uso, akaurudisha mezani kwa adabu. Halafu akamwambia dada mhudumu maneno kwa Kinyarwanda, akinionyesha kwa kidevu.

Ikaja chai ya maziwa bila sukari. Nikaomba sukari.

"Hapana, mzee," alisema yule dada kwa upole mkubwa. "Mama amekataza."

Nikaomba basi andazi. Nalo lilikuwa limekatazwa. Nililetewa mayai mawili ya kuchemsha, na Mama kutoka meza yake ya mbali akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nilidhani ni desturi ya huko, mkwe kutokula vitamu mbele ya mama mkwe, na mimi si mtu wa kubishana na desturi.

Jioni ile mlinzi wa nyumba ya wageni alilizunguka trela letu na tochi, akarudi kwangu ananusa. "Mzee, kuna ng'ombe humo ndani?"

"Hapana," nilisema. "Kuna mama mkwe wangu."

Alizima tochi, akaomba radhi, akaenda zake.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja tu: Mama hulala dirisha wazi, iwe mvua iwe baridi. Siku hizi nikiliwaza lile dirisha, natetemeka.

Kigali hadi Mahoko

Kutoka Nyabugogo barabara inapanda milima ya Shyorongi, na gari langu lilipanda likilalamika. Ilibidi nilipumzishe mara mbili, nikasingizia kubanwa. Mama akanipa maji, kisha akaninyang'anya chupa akisema nisizidishe.

Baada ya Musanze, kwenye mlima wa kuelekea Mukamira, kuna vijana wa baiskeli wanaobeba viazi. Wakiona lori linapanda polepole, wanalishika nyuma linawavuta. Mmoja akashika trela langu, ubavuni, pale penye matundu ya kupumulia friji. Nilimwona kwenye kioo akifurahia usafiri wa bure. Muda si muda aliachia, akayumba, akasimama pembeni anakohoa na kufuta macho. Nilisimama kumtazama.

"Mzee," alisema, machozi yanamtoka, "unabeba nini humo?"

"Maziwa!" nilimjibu kwa hasira, maana niliona anamtukana mama mkwe wangu.

Mimi fundi wa magari, mwenye gereji na kibao cha gereji, mtu analia pembeni ya tundu la friji langu, na bado nikapanda gari nikaendelea. Heshima si utumwa, wanasema. Mimi ilikuwa imenifunga macho na pua.

Mahoko sokoni tulinunua karoti na vitunguu vya kumpelekea mwenyeji. Mama alikuwa amejitanda kitenge kipya na ameanza kuniuliza kila baada ya kona: "Bado mbali?" Alikuwa akiuliza kama mtoto, nami moyo ukanilainika.

Gisenyi

Mama Mkubwa Verediana anakaa juu, upande wa barrière ndogo, kivuko cha mpakani, ambako asubuhi watu hupita na mabeseni kwenda Goma na jioni wakarudi nayo. Ua wake umezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Alitoka anakimbia, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Wakakumbatiana na mdogo wake wakabaki hivyo, mmoja anasema "yewe, yewe," mwingine anampigapiga mgongoni. Niligeuka nikaangalia ziwa, ambalo kwa kweli lilikuwa linapendeza.

Kisha akanishika mimi mikono yote miwili. "Pole, mukwe. Banasema hii sukari ikishikaka mutu, ni kuomba Mungu tu."

"Sukari gani, Mama Mkubwa?"

"Usiogope, hapa we uko nyumbani." Nikakalishwa, nikaletewa kikombe cha umuravumba, majani ya kuchemsha machungu kupita kwinini. Nikanywa. Ningefanya nini?

Halafu akataka kuiona nyumba ya magurudumu. Alipanda ngazi, akavuta mlango, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Mungu yangu! Iko nini inanuka mikojo humu?"

Dunia ilisimama. Siku zote zile nilizosimama kwenye kila choo cha kanda ya ziwa ili neno hilo lisisemwe, na sasa limesemwa mbele ya ua mzima, kwa sauti ile.

"Ni upepo," nilisema.

"Upepo gani? We petite, ulikuwa unalala mu hii harufu?"

Mama mkwe alishika vizuri kitenge chake. "Nilifikiri ndivyo nyumba za hivi zilivyo," alisema taratibu. "Inachoma macho mpaka yanalia. Lakini ni nyumba ya mkwe wangu, ameipenda. Ningesemaje inanuka?"

Mama Mkubwa alinusa tena, safari hii polepole. "Attends, ngoja. Hii mi naijua. Kule Masisi, bwana yangu alikuwaka na frigo ya pétrole, mafuta ya taa, mu dispensaire. Siku ilikufa, ilinuka hivi hivi, tukakimbiza bagonjwa inje. Hii haiko mutu. Hii ni frigo!"

Friji! Friji la namna ile halina mota, mnajua. Lina amonia kwenye mabomba, inazungushwa kwa moto. Tuta la Katoro lilikuwa limepasua bomba, na amonia ilikuwa imevuja njia nzima ikinuka mkojo. Ile taa ya kijani ilikuwa inatangaza tu kwamba friji limewashwa. Kuhusu baridi, haikuahidi kitu.

"Kwa hiyo wewe," Mama aliniuliza, "hukuwa unaumwa sukari? Mbona ulikuwa unakojoa kila kilomita?"

Hakuna lugha duniani ambayo kwayo mkwe anaweza kulijibu swali lile.

Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshatuangalia, mimi, mdogo wake, mimi. Akapiga makofi. "Ayii! Alifikiri ni we! Petite, mukwe wako alifikiri we unajikojolea!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alinikazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaketi kwenye ngazi ya trela, akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Dada yake akaja kumshika, naye akaangukia hapo hapo. Nami nikacheka, jamani, nililia kwa kucheka.

Mama ndiye aliyeacha kwanza. "Na mbegu?" alisema.

Friji lisilo na mota

Aliniruhusu kuingia. Nilifunga gesi, nikafungua madirisha yote, nikasubiri hewa ibadilike, nikafungua friji. Mle ndani palikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Keni ya mtindi ilikuwa ya vuguvugu mkononi. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, harufu haikuingia, lakini maziwa yenyewe yalikuwa yamekatika: maji ya kijani juu, mabonge chini.

Mama aliipokea keni kwa mikono miwili. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenigombeza ningepona. Alisema tu, "Mama aliivusha mto, nikaja kuipika mimi."

Mama Mkubwa alituma mtu kwa mfugaji anayeleta maziwa kutoka Cyanzarwe. Mama akayachemsha, akayapoza mpaka kidole kikaridhika, akaondoa maji ya juu, akachota kijiko kimoja kutoka katikati ya mabonge, mahali alipoona pamesalimika. Akakoroga, akayatia kwenye keni iliyooshwa, akafunika, akaifunga kwa kitenge kile kipya. Kwa jioni ile haikubaki kazi nyingine ila kungoja.

Mimi sikuweza kukaa. Nikaitiwa fundi wa friji, Inosenti, mtu mcheshi mwenye mtungi wa gesi begani. Alilala chali nyuma ya friji, akatafuta, akatoka.

"Mzee, compresseur, ile mota, iko wapi?"

"Hakuna."

"Haiko? Donc baridi inatokaka wapi?"

"Kwenye moto."

Akamgeukia Mama Mkubwa kwa sauti ya chini. "Huyu njo ule mwenye sukari?"

Tulilitoa pamoja, tukalibeba hadi uani, tukaona bomba la nyuma limechanika uzi mwembamba, na unga wa njano umeganda pale. Friji za nyumbani Inosenti huziongeza gesi, zikaendelea. Hili haliongezwi, hutolewa mashine nzima ya nyuma na kuwekwa nyingine, na hiyo mpya haikuwepo Gisenyi wala Goma. Alikataa kuondoka hivi hivi. Akanisaidia kuziba bomba la gesi na kusafisha unga kwa glavu, huku akinihoji baridi inatokaje kwenye moto, na kila nilivyoeleza alizidi kunihurumia.

Asubuhi

Nilipotoka, dada wawili walikuwa wameshakaa kwenye benchi la uani, keni mbele yao, hakuna aliyethubutu kuifungua. Nafikiri walikuwa wakiningoja mimi mwenye kosa. Mama alijifanyia ishara ya msalaba, akafungua kitenge, akainua kifuniko, akaiinamisha keni kidogo.

Maziwa hayakumwagika. Yalitikisika tu, yameshikana.

Nilipiga kelele kama nimefunga goli. Mama alimimina kikombe, akampa dada yake. Mama Mkubwa akapiga funda moja, akafumba macho.

"Njo yenyewe," alisema, yaani ndiyo yenyewe. "Njo maziwa ya Mama."

Mama akaanza kulia.

"Iko michungu!" Mama Mkubwa akaendelea, uso umekunjana. "Eh, petite, iko mubaya sana! Nilipokuwaka mutoto, Mama akigeuka, mi nilikuwa namwagia imbwa."

Mama aliacha kulia. "Dada! Mwaka mzima umenililia maziwa haya kwenye simu. Umesema utakufa hujayanywa!"

"Na ningesema nini? Nilikuambia kuja, kuja, kuja. We unajibu, nani atalisha mbegu. Bon. Nikasema, leta mbegu."

Mama akakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwa dada yake, akanywa yaliyobaki mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ni machungu kweli," alisema.

Baadaye akaniambia nirudi peke yangu, nimwambie mke wangu kwamba mama yake yuko kwa dada yake. Sikuuliza mpaka lini. Nilifunga trela kwenye gari, nikafungua madirisha yake yote, nikawasha gari, nikapunga mkono getini. Hawakuniona. Walikuwa kwenye benchi lile lile, mabega yamegusana, wanabishana kwa Kinyarwanda cha haraka nisichokipata, na keni iko chini miguuni mwao, wazi, haina kifuniko, hakuna anayeiangalia.